Kilichomfungua Karembo

Moshi wa kuni mbichi hauniumizi macho kama unavyowaumiza wengine. Nikiusikia popote, narudi zizini kwetu Karurumo, msimu ule wa ukungu na manyunyu, shule zimefungwa, nami nimekaa kwenye kigoda kati ya ukuta wa mbao na tumbo la ng'ombe wetu, Karembo. Mama alikuwa amelazwa hospitalini Embu. Cucu, mamake baba, ndiye aliyetulea mimi na mdogo wangu Mugendi, ambaye hakuwa amejua kutembea na aliishi kwa maziwa. Vidole vya Cucu vilishakakamaa, kwa hiyo kukamua kukawa kwangu. Wenzangu wa kwaya walikuwa wakijiandaa kwenda mjini kuimba Kinoru, nikawa nawasikia ng'ambo ya bonde, mimi na Karembo tumefungwa pamoja, yeye kwa kamba, mimi kwa ndoo.

Maziwa alikuwa nayo. Kiwele kilijaa mpaka kikang'aa, lakini alizoea kukamuliwa na Mama, na kwangu alikaza. Nilivuta hadi vidole vikafa ganzi, nikapata povu tu, huku Mugendi akilia nyumbani kile kilio cha kukwaruza.

"Huyu anajua kitu," nikamwambia Cucu kwa hofu. "Anajua Mama harudi."

"Tangu lini ng'ombe akawa nabii, kairitu, msichana wewe? Kuna kitu anangoja. Kitafute."

Basi nikaanza kumjaribu, kitu kimoja kimoja, maana nikichanganya sitajua ni kipi. Nilivaa gambuti za Mama; teke. Nikajifunga leso yake safi, akanigeuzia mkia. Nikamwimbia wimbo wake wa kanisani. Akazungusha masikio kwa adabu, basi. Ndipo nikavaa sweta yake kuukuu iliyoning'inia juu ya mafiga. Karembo akaninusa, akashusha pumzi ndefu, na maziwa yakapiga ndoo chwaa, chwaa. Nikajua ni sweta! Cucu akafurahi mpaka akaifua. Kesho yake, teke.

Niliketi jikoni nikilia, nikipuliza moto uliokataa kuwaka, mpaka nguo zangu mwenyewe zikajaa moshi. Nikarudi zizini bila sweta wala matumaini, na Karembo akafungua maziwa. Kumbe kwake, mtu wa kupewa maziwa ni yule anayenuka jiko. Mugendi akashiba, akalala.

Mama aliporudi, mwembamba, ananukia sabuni ya hospitali, alikwenda zizini kabla hata ya kuketi. Karembo akapiga ndoo teke. Mama akabaki amesimama, mikono imeshuka.

"Amenisahau," akasema. "Hata ng'ombe wangu."

"Hajakusahau, Mama. Njoo kwanza uote moto."

Nikamvuta jikoni. Cucu akasukuma kuni mbichi ndani, tukakohoa sote watatu mpaka tukacheka. Mama aliporudi zizini, ndoo ilijaa.

Leo nimepanga chumba hapa Kinoru, napika kwa gesi, na nguo zangu hazinuki kitu. Wakati ule nilitamani sana kutoka. Sasa ufunguo ninao mwenyewe, na jioni nyingi najifungia tu. Nikienda nyumbani, mjukuu wa Karembo hanijui. Kwa hiyo napitia jikoni kwanza, nakaa karibu na mafiga, na Mama, bila kuniuliza, anaongeza kuni mbichi.