Nilisema Nilimbeba Mzungu Kwenye Theluji

Wacha niseme mwenyewe, maana watu wa Lodwar wameshachoka kunisemea: nilidanganya. Nilimdanganya mke wangu, nikamdanganya baba mkwe, hata mama yangu mzazi sikumhurumia. Na uongo wenyewe ulihusu theluji! Mimi, Mturkana niliyekulia kwenye jua hili!

Ilikuwa miaka ya tisini, kambi ya wakimbizi ya Kakuma bado changa, nami nesi huko. Nikapata bahati ya kwenda Norwe miezi mitatu kwa kozi ya kutunza watoto waliodhoofika. Nilifikia kwa mama mmoja mjane wa miaka sitini na kitu. Nimwite Solveig. Mwembamba kama fimbo ya kuchungia.

Kule watu hutembea juu ya theluji kwa ski, vibao virefu vyembamba unavyofunga kwenye viatu, ukijisukuma na fimbo mbili, unakata msitu na mlima. Theluji ya kwanza ya mwaka ilipoanguka, Solveig akanifundisha wiki nzima uani. Nilianguka mpaka mbwa wa jirani akazoea, akaacha kubweka.

Jumamosi akanipeleka mlimani. Akanipa ski za mbao za marehemu mumewe.

"Fuata njia yangu," akasema. "Theluji bado nyembamba. Chini ni mawe matupu."

Mawe! Mimi niliyekimbiza mbuzi juu ya mawe tangu utotoni? Nikamjibu, "Mama, mimi na mawe ni ndugu."

Nikaona mteremko mweupe pembeni, nikaacha njia. Kwa muda mfupi nilijiona tai! Halafu nikasikia kraa! Ski moja ikavunjika katikati, kifundo cha mguu kikateguka, nikalala kifudifudi, theluji mdomoni.

Solveig hakunigombeza. Aliokota kibanzi cha ski ya mumewe, akakitazama kidogo, akakitia mfukoni. Kisha akaniegemeza begani. Penye mteremko mkali alinilaza juu ya koti lake, akanivuta. Mama wa umri ule! Mahali fulani mkono wake ukabanwa na jiwe, kidole kikavunjika. Hakikunyooka tena.

Sasa sikia upumbavu wangu. Nilirudi Lodwar nikichechemea. Watu wakauliza, "Mguu umefanya nini?" Ukweli ungenigharimu nini, jamani? Lakini mdomo ukatangulia: "Nilimbeba mama mzungu mgongoni. Aliumia mlimani."

Kila nikisimulia, mlima ukazidi kurefuka. Mara ya nne nikaongeza mbwa mwitu!

Baba mkwe akafurahi sana. Wakati ule tuligombania kisima na majirani zetu, na kikao cha kupatana kilikuwa karibu. Akanichagua niseme kwa niaba ya familia. "Huyu hamwachi mtu njiani," akawaambia wazee.

Wiki moja kabla ya kikao, nani akashuka kwenye ndege uwanja wa Lodwar? Solveig! Barua yake ilikuwa bado njiani.

Baba mkwe akachinja mbuzi. Mama yangu akamvisha shanga, akamsalimu "Ejok!", kisha akaniambia nimuulize kama mgongo wangu ulimbeba vizuri.

Nikamuuliza kwa Kiingereza safari ilikuwaje.

"Ndefu, lakini nzuri," akajibu.

Nikawatafsiria: "Anasema mgongo wangu ulikuwa imara." Vigelegele!

Sasa, mke wangu ni mwalimu. Anafundisha Kiingereza. Akakohoa.

"Baba nanii, umechoka," akasema kwa sauti tamu. "Wacha nitafsiri mimi." Akamuuliza Solveig kidole kilipatwa na nini.

Solveig, maskini, alidhani sote tunajua. Akaeleza yote huku akicheka, hata akaigiza nilivyoanguka. Mke wangu akatafsiri neno kwa neno. Hata theluji ya mdomoni hakuiacha!

Kisha mama yangu akaanza kucheka, na wote wakamfuata mpaka nyama ikapoa. Baba mkwe peke yake hakucheka. Akaniita kando.

"Kuanguka, hata ngamia huanguka," akasema. "Lakini pale kisimani neno moja la uongo linaweza kuua watu. Utabaki nyumbani."

Akampeleka shemeji yangu. Iliniuma kuliko kifundo.

Nilipomuungamia Solveig, alikitazama kidole chake. "Ski za mume wangu nilikusamehe siku ile ile," akasema. "Lakini kwa nini ulininyang'anya nguvu zangu?"



Ndugu msomaji, hasa wewe uliyetoka ng'ambo juzi: kama ulibebwa, sema ulibebwa! Watakucheka siku moja, wataacha. Mimi hata leo nikisema nimekwenda sokoni, mke wangu haniachi. Ananitazama, anauliza, "Umekwenda, au umepelekwa?"