Mvua Ina Silabi Tatu

Mimi ni fundi wa nguo. Nashona sare za shule katika kibanda changu hapa Kitengela, kando ya barabara inayopitwa na malori ya mawe kutwa nzima, na kila jioni lazima nipanguse vumbi jeupe kwenye cherehani kabla ya kuifunika. Nasema haya mapema kwa sababu wako watu wanaodhani mtu wa sindano na uzi hana haki ya kuandika haiku. Mteja mmoja aliliona daftari langu mezani akasema, "Kumbe ndiyo maana sketi ya mtoto wangu haiishi." Nilimjibu kwamba sketi itaisha Ijumaa, na haiku itaisha nikitaka.

Aliyetuanzishia mchezo huu ni nesi wa zahanati jirani, mwanamke wa Machakos anayecheka kabla hajamaliza kusema jambo lenyewe. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba haiku ni shairi la mistari mitatu, silabi tano, kisha saba, kisha tano. Akaja na lake:

Sindano moja
mwanaume mzima
amezimia

Nilicheka hadi nikashona mkono wa shati ndani nje. Siku hiyo hiyo nikaandika langu, likawa baya, nikaandika lingine.

Baadaye tukapata wawili zaidi. Mmoja ni Mwalimu, mzee aliyestaafu baada ya kufundisha Kiswahili miaka mingi, ambaye alikuja kufupisha suruali akakuta tunahesabu silabi kwa vidole. Mwingine ni msichana wa Kimaasai anayesoma chuo hapa mjini, na kila siku ya soko hurudi Bisil kumsaidia baba yake kuuza mifugo. Tukawa tunakutana Jumamosi alasiri kwenye hoteli iliyo nyuma ya kibanda changu, tunakunywa chai na kusomeana.

Mwalimu ndiye aliyeleta sheria. Silabi zisizidi wala zisipungue. Lazima kuwe na neno la majira. Kuchekesha hapana, kwa hiyo ile sindano ya nesi haikuwa haiku bali kitu kingine chenye jina lake. Na Kiswahili kiwe sanifu: Sheng hapana, lugha ya mama hapana. Tulimheshimu, kwa sababu alijua mengi na alitulipia chai bila kujionyesha. Lakini sikumkubalia kila kitu.

Tuligombana kwanza kwa ajili ya mvua. Kaka yangu huchonga mawe kwenye machimbo, na mwaka huo mvua iliponyesha shimo lao lilijaa maji, kazi ikasimama. Nilimpelekea chakula nikamkuta amekaa ukingoni, mikono mitupu, akiangalia ndege wawili wa majini wakiogelea pale alipokuwa akipiga nyundo wiki iliyotangulia. "Mvua imejaza," akaniambia, basi. Nikaandika:

Shimo la mawe
mvua imejaza
bata wawili

Mwalimu alihesabu, akatikisa kichwa. "Mstari wa pili una mizani sita. Mvu-a-i-me-ja-za."

"Saba," nikasema. "M-vu-a."

"Hapana, fundi. Hiyo m haisimami peke yake."

Nesi akaingilia. "Mbona kwenye 'mzima' uliiacha isimame?"

"Mzima ni ngeli nyingine. Sikilizeni, dawa yake ni rahisi. Andika 'mvua imelijaza'. Mizani inatimia, na sarufi inanyooka pia."

Kuhusu sarufi alisema kweli, hilo sikatai. Lakini kaka yangu hakusema imelijaza. Na mimi nikisema mvua, midomo yangu hujifunga kwanza, ikakaa kidogo, ndipo neno likatoka. Mama yangu alisema hivyo, na jirani zetu wote. "Nitaiacha hivi," nikasema. Mwalimu akanywa chai yake.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kibaya. Siku moja ya soko nesi alituchukua kwa gari lake hadi Bisil, maana Mwalimu alitaka tuandike tukiwa nje, si kwenye viti vya plastiki. Tuliwakuta ng'ombe wamebaki ngozi na mifupa, wengine wanainuliwa kwa mkia ili wasimame. Baba wa yule msichana alikuwa katikati ya uwanja, na ng'ombe wake mmoja amemlalia begani kwa uzito wote. Mzee hakusogea. Tulisalimiana naye akiwa vile vile. Hakuna aliyetoa daftari siku hiyo. Jumamosi iliyofuata msichana ndiye aliyesoma:

Olameyu tu
ng'ombe aegemea
bega la baba

Kisha Mwalimu akasema, kwa upole, "Zuri sana, binti yangu. Ila 'olameyu' si Kiswahili."

"Ulisema lazima kuwe na neno la majira," akajibu. "Hilo ndilo neno la majira ya kwetu."

Muda si mrefu baadaye shule moja ya upili kule Kajiado ilimwomba Mwalimu alete kikundi chake siku ya Kiswahili. Alifurahi kuliko sisi sote. Akachapisha karatasi yenye mashairi yetu, na tulipewa nakala tukiwa tayari tumeketi mbele ya wanafunzi. Nikatafuta langu. *Mvua imelijaza.* Msichana akanisukumia yake kimya kimya, kidole chake kikiwa juu ya mstari wa kwanza. *Kiangazi tu.* Silabi tano kamili. Nilijiona kama mtu aliyevuliwa leso hadharani.

Msichana aliitwa kwanza. Akasimama na kuikunja karatasi. "Hapa imeandikwa kiangazi," akasema. "Kiangazi ni jua. Olameyu ni jua ambalo limekaa hadi limemaliza ng'ombe wa baba yako." Akasoma la kwake kama alivyoliandika. Wanafunzi wa nyuma, wengi wao watoto wa wafugaji, walipiga meza kwa viganja.

Nami nikasoma, "mvua imejaza". Kijana mmoja akainua mkono. "Madam, hiyo ni sita."

"Hesabu na mimi," nikasema, nikainua vidole. Darasa zima likahesabu kwa sauti, nusu likaishia sita na nusu saba, na wakaanza kubishana wenyewe kwa wenyewe hadi mwalimu wao akagonga ubao. Nilimtazama Mwalimu wetu. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

Jumamosi tatu zikapita bila Mwalimu. Nesi alisema nimwombe radhi. Nikasema radhi ya nini? Hata hivyo Jumapili moja nilienda kwake, kwa sababu kiti chake kitupu pale hotelini kilikuwa kimeanza kuniuma.

Alinifungulia mwenyewe, akanikaribisha. Baada ya chai akasema, "Mlinivunjia heshima mbele ya wanafunzi."

"Mwalimu, na wewe ulinibadilishia maneno bila kuniuliza. Yule mtoto ulimtolea neno la baba yake kwenye shairi."

Alizungusha kikombe chake mezani. "Miaka yote hiyo nimesahihisha madaftari," akasema. "Mkono unakwenda wenyewe." Kisha, "Kwa binti nimekosa. Nitamwambia. Na wewe ilifaa nikuulize."

"Ungeniuliza ningekataa."

"Najua. Ndiyo maana sikuuliza." Akacheka kidogo, na mimi pia. "Lakini mvua ni mizani mbili."

"Tatu, Mwalimu."

Alirudi Jumamosi. Alimwomba msichana radhi mbele yetu, akamuuliza namna ya kulitamka lile neno sawasawa, akalirudia mara nne mpaka likakaa. Tukakubaliana jambo moja tu: unaweza kubishia mstari wa mwenzako mpaka chai ipoe, lakini kalamu yako isiuguse.

Siku hizi ugomvi wetu ni mwingine. Mwalimu anasema haiku haiwekwi kichwa cha habari. Mimi naweka. Alipokasirika wiki jana, niliweka viwili.