Mkono wa Kushoto wa Baba

Kukata watu vipande nilijifunzia mtaa wa Jabe, ghorofani, juu ya duka la vitenge, mchana kweupe. Nasema kukata kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Katuni zetu hazichorwi upya kila picha. Unamchora mtu mara moja, unamtenga kichwa, kiwiliwili, mkono wa juu, mkono wa chini, kiganja, paja, mguu, kisha unamfunga tena kiungo kwa kiungo ndani ya kompyuta, ili ukivuta kiganja, mkono mzima ufuate. Ukimfunga vizuri, mtu huyo atatembea, atakaa, ataruka, nawe hutamchora tena maisha yako yote.

Mwalimu wetu alikuwa Mkongomani wa Uvira, mtu mpole aliyejifunza peke yake na asiyependa kupoteza dakika. Kila asubuhi alitukumbusha jambo moja: "Musichore mara mbili kitu munaweza kugeuza." Mkono wa kulia ukishakamilika, unaunakili, unaugeuza, unakuwa wa kushoto. Mimi subira sina, nilizaliwa bila hiyo, kwa hiyo sheria hiyo niliipenda kuliko zote. Mara ya kwanza nilisahau kuweka duara la kuziba kiungo kwenye kiwiko, na kikaragosi wangu alipokunja mkono ukaonekana ufa, utadhani amevunjika. Wenzangu wakacheka. Nikafunga kompyuta kwa kishindo, nikaenda kununua sambusa, nikarudi bado nimenuna.

Tulikuwa tunatengeneza katuni fupi ya kufundisha wanafunzi kuvuka barabara. Mimi nikapewa mhusika mkuu, fundi mzee wa magari anayewavusha watoto. Mwalimu akataka kila mtu apige video ya mwendo wa mtu halisi, auchunguze. Haya, fundi mzee nimtafute wapi, na ninaye nyumbani?

Baba yangu ni fundi wa giaboksi hapa Buyenzi tangu kabla sijazaliwa. Watu walitoka kule mbali Ruziba kumletea magari. Alikuwa akisikiliza gari likipita barabarani, anakwambia gia ya tatu imekwisha, na wallahi imekwisha. Ila picha hapigwi. Kwake picha ya kiumbe chenye roho ni jambo zito, hata kwenye harusi za ukoo husimama nyuma ya mpiga picha mpaka mwisho. Nilimwendea nikiwa nimeshajiandaa kugombana naye. Akafuta mikono kwa kitambaa muda mrefu, kisha akasema:

"Piga. Lakini kichwa, apana."

Sikuamini. Nilijisifu moyoni kwamba ulimi wangu umemshinda mzee.

Siku zile mafuta yalikuwa yameadimika mjini, barabara nyeupe, watu wote kwa miguu. Nikasimama ng'ambo ya barabara baada ya adhana ya alasiri, nikampiga baba video kuanzia shingo kwenda chini, akitoka garaji kwenda msikitini. Hatua arobaini hivi. Nikafurahi, nikakimbilia Jabe.

Video unaitazama picha moja moja. Mguu wa kushoto ukienda mbele, mkono wa kulia unaufuata, na kinyume chake. Ndivyo watu wote wanavyotembea, hakuna aliyefundishwa. Mkono wa kulia wa baba ulikwenda na kurudi vizuri. Wa kushoto ulikaa. Ulining'inia kwenye paja, vidole vimejikunja, haukwenda mbele wala nyuma. Nikarudisha video mwanzo. Nikarudisha tena. Niliogopa, sitaki kuficha. Niliogopa hapo hapo, dakika ile ile.

Nikamfunga kikaragosi kama nilivyoona, labda nikitumaini nimekosea. Mwalimu akainama kwenye skrini yangu.

"We, hii mukono ya kushoto ulisahau kufunga?"

"Sikusahau. Ndivyo anavyotembea."

Nikamwonyesha video. Aliitazama yote, akaweka miwani juu ya kichwa.

"Huyu ni nani yako?"

"Baba."

"Anaumwa?"

Ebo! Nilimjia juu mbele ya watu wote. Nikamwambia baba yangu ana nguvu kuliko yeye na ukoo wake mzima, kwamba mtu akibeba giaboksi kutwa lazima mkono uchoke, na kwamba yeye ni mwalimu wa katuni, si daktari. Masikini, akarudi nyuma hatua moja.

"Basi geuza ile ya kulia, uendelee," akasema.

Nikageuza. Nikanakili mwendo wa mkono wa kulia, nikaubandika kwa wa kushoto, nikausogeza nusu ya hatua ili mikono ipokezane. Kazi ya dakika moja. Fundi mzee akatembea kwenye skrini mikono yote miwili ikipepea, mwepesi, mchangamfu, na wenzangu wakapiga makofi. Mwalimu hakupiga. Mimi nikajipigia.

Baada ya hapo nilimpiga baba video nyingine nyingi, maana katuni ilihitaji ainame, ageuke, apande ngazi. Kila mara nilisimama upande wake wa kulia. Nyumbani mama akaanza kumfunga vifungo vya shati, baba akilalamika kwamba mashati ya siku hizi yana vifungo kama vya watoto wachanga. Mama akacheka, mimi nikacheka. Kandambili yake ya kushoto ikaanza kuburuzwa, nilikuwa naisikia koridoni kabla hajaingia sebuleni. Nikajitia hamnazo. Nilijiambia katuni ikiisha nitampeleka hospitali, kana kwamba ugonjwa ulikuwa umekaa foleni unaningoja mimi. Katuni ikaisha. Nikapewa nyingine.

Miezi mitano ilipita hivyo.

Siku ajali ilipotokea, ilikuwa saa nne asubuhi. Baba alikuwa chini ya gari na mwenzake wa garaji, wanateremsha giaboksi, kazi aliyoifanya mara elfu. Upande wa kushoto ukamponyoka. Mwenzake aliniambia haukuteleza, hakukuwa na mafuta pale, mkono tu uliachia, kama mtu aliyesinzia. Chuma chote kikaangukia kiganja cha kulia. Cha kulia, jamani, kile kizima.

Hospitalini walimfunga bandeji mpaka kwenye kiwiko. Vidole viwili vilikuwa vimekatika. Kisha daktari akashika mkono wa kushoto, akaukunja na kuukunjua, nao ukawa unakwama kwama kama bawaba yenye kutu.

"Hii ilianza lini?"

"Leo," mama akasema. "Ni mushituko tu, dogteri."

"Apana, mama. Hii ni ya miezi." Akasema ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, hauponi, ila una dawa za kumsaidia mtu, na kwamba angeletwa mapema asingeruhusiwa kushika chuma kizito hata siku moja. "Hakuna mutu aliona?"

Mama akatikisa kichwa. Mimi nikatoa simu. Nikatafuta ile video ya kwanza. Daktari akaitazama mara mbili, akasoma tarehe, akanitazama mimi, akatoka.

Baba, ambaye hakuwahi kujitazama kwenye picha, akaniomba nimshikie simu. Akajiona akitembea kwenda msikitini, hana kichwa, mkono mmoja umelala.

"Mi nilikubali unipige ile video juu ya nini?" akauliza taratibu. "Ule mukono nilikuwa naujua. Nilikuwa naogopa kwenda kwa dogteri peke yangu. Nikasema, huyu mutoto kazi yake ni kutazama vile watu wanatembea. Ataona, ataniambia. Nikangoja." Akaondoa macho kwenye simu. "Hukuona?"

Ningeweza kudanganya. Mama alikuwa pale, ananiangalia, na ningeweza.

"Niliona, baba," nikamwambia. "Siku ya kwanza."

Akageuzia uso ukutani.