Msusi Aliyekataa Kumtaja Jirani

Habari za kifo cha msusi wetu wa Kawempe zilinikuta sokoni Nakivubo, nikitafuta soli ya kiatu. Soli niliisahau. Wasomaji wangu wa siku nyingi wataniwia radhi, leo sina mzaha. Alikuwa Mkenya, aliyekuja huku kwetu kutafuta maisha miaka michache baada ya vita vyetu. Kikundi cha kanisa lake kilipoigiza, kule Mbuya, ule mchezo maarufu wa kigeni kuhusu mji ulioingiwa na wazimu wa kuwinda wachawi, yeye alipewa nafasi ya mama anayekiri uchawi ili asinyongwe. Waliigiza kwa Kiswahili, maana ukumbi ulijaa familia za askari, na huku kwetu Kiswahili ni lugha ya jeshi. Nilikuwepo. Alipopiga magoti kukiri, watu walilia kwa sauti. Mmoja akamwita, "Mama, usikubali! Hawa wanakudanganya!"

Wiki hiyohiyo mtoto wa mtaani kwake akashikwa na degedege. Majirani waliokwenda kumtazama na kulia Mbuya wakakumbuka kwamba msusi alijiita mchawi kwa kinywa chake, mbele ya watu, na kwao neno la namna hiyo halitamkwi kwa mchezo. Wateja wakaanza kuokota nywele zao sakafuni, hadi unywele wa mwisho, na kwenda nazo nyumbani ndani ya kavera, ile mifuko yetu ya plastiki. Mtoto alipona, lakini kavera ziliendelea. Mwanzoni nilicheka. Baadaye hata wenye kavera hawakuja tena.

Siku moja nimeketi palepale saluni, mwenyekiti wa mtaa akaja na njia ya kumwokoa. "Sema tu ni yule mama wa makaa alikufundisha," akamwambia. "Maneno itaisha, wewe utafanya kazi yako." Mama wa makaa alikuwa jirani wa msusi, muuza makaa, mjane wa askari kutoka kaskazini, asiye na ndugu hapa mjini. Msusi akaweka kitana chini.

"Kwa jukwaa nilikubali sababu mchezo ilitaka," akasema. "Huyu mama ni mtu. Mimi sitaji mtu."

Saluni ikafa polepole. Akaishia kusukia barazani, na mteja wake wa kudumu alikuwa mmoja tu, mama wa makaa. Ndiyo maana nilikasirika mazishini, watu walewale waliposimama mmoja baada ya mwingine kusifu jinsi alivyoigiza. Pale Mbuya sote tulijua vizuri nani anaonewa, mradi yuko jukwaani. Siku hizi siyaamini sana machozi ya ukumbini, yangu yakiwemo. Mtu namngoja hadi siku atakapoombwa amtaje jirani yake, ndipo nimpime.

 Mama wa makaa aliketi karibu na jeneza, kichwa wazi, misuko aliyosukwa na marehemu ikiwa imeanza kulegea. Mama mmoja akamnong'oneza aifumue, asukwe upya.

"Hapana," akasema. "Hii nitakaa nayo."