Simu Ambayo Sikuikata

Hii aibu sijawahi kuisimulia yote, kwa sababu kuna sehemu inaniuma mpaka leo, lakini nyinyi ni watu wangu, wacha niitoe.

Siku ya vijana kanisani kwetu Runyenjes mgeni wa heshima alikuwa Mzee Nyaga, yule mwigizaji wa filamu za zamani aliyekuwa kamanda wa polisi asiyecheka (nikiwa mdogo nilikuwa najificha nyuma ya kiti akitokea), na mimi ndiye nilitumwa na gari kumchukua. Nikiwa langoni kwake, mwenyekiti wetu, Mama Wawira, akapiga simu kuuliza nimefika wapi, nikamwambia ndio naingia, halafu badala ya kukata nikaitumbukiza simu kwenye mfuko wa juu wa koti, nikidhani atakata yeye.

Hakukata. Aliiweka simu yake kwenye maikrofoni kule kanisani ili watu wasikie sauti ya kamanda kabla hajafika.

Ndani nilimkuta kamanda amepiga magoti mbele ya mkewe, anamlisha uji kwa kijiko, anambembeleza. Mke huyo alikuwa amepoteza kumbukumbu. Alimdhani mzee ni mpishi wake, akamuuliza bwanake atarudi lini, na mzee akamjibu kwa upole kwamba atarudi jioni. Kisha mzee akamwachia kijiko dada yake aliyekuwa ameketi hapo, akanivuta kando.

"Mukami, huyu alifundisha nusu ya watu wa hilo kanisa. Angekuwa na akili zake hangekubali wamjue hivi. Yale umeona yabaki hapa."

Nikaapa, tena mara mbili (na kanisa zima likanisikia nikiapa).

Njiani tuliposimama kupisha ng'ombe nikatoa simu nione saa, nikakuta bado inaendelea, dakika ishirini na saba, na upande ule mtu akakohoa katikati ya kimya cha watu wengi. Nikaikata. Mzee kando yangu alikuwa anarekebisha tai, anaijaribu ile sauti yake nzito, na mimi najiambia pengine hawakusikia vizuri, nitamwambia tukipita soko, tukapita soko, nitamwambia tukiegesha, tukaegesha.

Aliingia kwa ile hatua ya kamanda. Hakuna aliyepiga makofi. Watu walisimama polepole, wengine macho mekundu, na mwanamume mmoja wa makamo akauliza, "Mzee, tunaweza kuja kumwona mwalimu wetu?"

Mzee aligeuka, akaniangalia, akaangalia simu mkononi mwangu, nikajua ameelewa. Akaenda kwenye maikrofoni na kusema, kwa sauti ndogo ambayo sijaisikia kwenye filamu yoyote, kwamba ndiyo, mke wake ni mgonjwa, miaka minne sasa, na wakija waje wachache, wasimsahihishe akiwaita majina ya watu wengine. Akaketi.

Nikimrudisha nyumbani nilimweleza yote, hata nilivyoikuta simu inaendelea pale kwenye ng'ombe, nikaomba msamaha mpaka maneno yakaniisha. Akafungua mlango wa gari, akasema bila kunitazama, "Ya simu ningekusamehe. Lakini tulikaa hapa pamoja njia yote, na ulikuwa unajua."

Siku hizi nikikosea nasema hapo hapo, hata kama ni kusimamisha gari kando ya barabara. Wenzangu huenda kwake kila Jumapili wakaingia kumwona mwalimu. Mimi napeleka maziwa, nayaacha langoni.