Munkoyo wa Mgonjwa

Mwaka huu, kanisani kwetu Nchelenge, hapa Zambia, walinisimamisha mbele ili kumshukuru Mungu kwa sababu nimenenepa.

Sitanii. Kiongozi wa kina mama, jirani yangu niliyekimbia naye kutoka Kongo, alinishika mkono akanigeuza watu wanione. "Muangalie mama yetu," akasema. "Tulizani tutamuzika. Leo mwili imerudi. Amepona." Watu wakapiga makofi. Mimi nikatabasamu huku gauni likinibana makwapani, na moyoni nilitamani sakafu inimeze.

Mwili uliorudi ni ule ule ambao mdogo wangu, aliyehamia Kanada, alilipa niondolewe. Daktari wa Lusaka alikata sehemu kubwa ya mfuko wangu wa chakula, akauacha mwembamba kama ndizi. Tulifanya hivyo kwa ajili ya ugonjwa wa sukari. Ndio uliomfanya mama yetu akatwe mguu, kisha ukammaliza, na mimi nilikuwa nafuata njia hiyo hiyo nikijiona. Baada ya upasuaji sukari ilishuka, nikaachana na sindano. Nilitembea mpaka sokoni bila kukaa njiani, nikauza chisense, dagaa wetu wa Ziwa Mweru, nikiwa nimesimama. Nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kumshirikisha mtu, kwa sababu wote walionizunguka walikuwa tayari wananiomboleza.

Huku kwetu mtu hakondi kwa hiari. Ukikonda unaumwa, na ugonjwa wenyewe kila mtu anaujua ila hautaji. Wanawake wa Kibemba pale sokoni walikuwa wakinisalimia "Mwaina, bamayo," yaani mama umenenepa, hongera. Salamu hiyo ikaisha. Nikawaeleza habari za upasuaji, wakaniitikia kwa ule upole wa kumwitikia mtu anayeficha jambo.

Kisha wakaanza kuja kuniona. Kina mama wa kanisa walileta bukari, ndiyo ugali wetu, na samaki. Tonge la pili likagoma, likapanda, nikakimbilia nje. Basi jirani yangu akarudi kesho yake na jagi la munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, ameutia sukari bila huruma.

"Kunywa, mama," akasema. "Hii haiko chakula."

Ukateremka vizuri, bila maumivu. Wengine wakasikia kwamba munkoyo unapita, nao wakaja na majagi yao.

Hospitali walikuwa wameniambia nile kidogo, nami nilikula kidogo kwa utii wa mtoto wa shule. Bukari yangu ilienea kiganjani. Munkoyo haukunipitia akilini, maana kwetu mtu anaweza kumaliza jagi zima, ukamuuliza kama amekula, akakujibu kwa moyo mweupe kwamba bado.

Niliporudi Lusaka nikiwa nimenenepa tena, sukari ilikuwa imepanda na vidole vya mguu vimekufa ganzi. Daktari akasema mfuko umepanuka, lakini si kiasi cha kueleza uzito wote ule. Akaniuliza ninakunywa nini. Nikamjibu: munkoyo. Baadaye akanieleza upasuaji wa pili: wataunganisha utumbo na sehemu ya juu ya mfuko, hatari yake ni kubwa kuliko ya kwanza, na kinywaji kitamu bado kitapita. Hilo la mwisho alilirudia, akinitazama machoni.

Mdogo wangu alilia kwenye simu. "Yaya," akaniita, kama tunavyomwita dada mkubwa, "fanya tena. Sitaki tukuzike vile tulizika mama."

Ninaogopa kisu, sikatai. Lakini ninaogopa zaidi kurudi hapa nimekonda. Utasema nikatae hayo majagi. Nilijaribu. Nilimwambia jirani yangu kwamba daktari amenikataza munkoyo. Aliketi chini kwenye mkeka wangu akaanza kulia, kwa sababu watu wetu wakimwona mgonjwa anakataa hata munkoyo, wanajua ameamua kufa.

"Usituache, mama," akasema.

Huyu ndiye aliyenibebea mtoto wangu tulipokimbia. Ningemfanyia nini cha kumfariji? Nilinyoosha mkono, nikachukua kikombe, nikanywa mpaka akafuta machozi. Nilimchukia siku ile, na sijawahi kumpenda mtu kama ninavyompenda yeye. Sijui mtu anaponaje katikati ya mambo hayo mawili. Nadhani haponi.

Jana nimemwambia mdogo wangu ndiyo, nitakatwa tena. Nilisema ndiyo kwa sababu ya mguu wa mama, si kwa sababu ninaamini. Jioni nikamjulisha jirani yangu, akanishika mikono, akaniombea, akaniambia nisiwe na wasiwasi, yeye yupo.

Leo asubuhi ninamsikia upande wa pili wa ua, anaponda mizizi ya munkoyo. Anataka kuianika ikauke, iwe tayari nitakaporudi.