Vigingi Vinne Kwenye Kunde Zangu

Nilimpiga shemeji yangu mkubwa kwa kigingi cha kaburi la mtoto wangu, na mtoto wangu alikuwa hai. Nilimpiga kwenye paji la uso, juu ya nyusi ya kushoto, na ngozi ikafunguka. Nilitaka kumpiga tena. Wanawake wawili wakanishika mikono, nikamuuma mmoja wao kidole.

Siombi msamaha hapa. Naandika kwa sababu pale kwetu, njia ya kwenda Malava, hadithi inayozunguka ni kwamba niliingiwa na wazimu. Sikuwa na wazimu. Nilikuwa nimetoka hospitali kutafuta damu.

Msichana wangu ana miaka minne na ana ugonjwa wa seli mundu, ule watu wa kwetu huita sikoseli. Damu yake inavunjikavunjika yenyewe ndani ya mwili. Siku akishikwa, mifupa inamuuma hadi anang'ata shati la baba yake likatoboka. Amedungwa mara nyingi hadi ameweka sheria yake mwenyewe: "Sista, si huu mkono. Huu ni wa kula." Anatoa wa kushoto, kisha analia. Kuna siku nilimlalia miguu kwa uzito wangu wote ili wapate mshipa, naye ananitazama kana kwamba mimi ndiye ninayemchoma. Ukiwa na mtoto mgonjwa unajifunza kumtendea mambo ambayo akiyafanya mtu mwingine utamrukia shingoni.

Asubuhi ile macho yake yalikuwa ya njano kabisa, midomo imekuwa myeupe, na pumzi fupi fupi kama ya kifaranga. Wakamwekea oksijeni puani. Daktari wa zamu, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, akanivuta kando.

"Mama, kipimo cha damu yake kimeshuka hadi nne. Na stoo yetu leo ni kama imeisha. Leta watu watatu watoe, na wafike kabla ya saa sita. Usiniambie jioni."

Mume wangu alikunja mkono wa shati hapo hapo akatoa yake. Mimi nilipimwa nikakataliwa, eti hata ile niliyo nayo hainitoshi. Walibaki watu wawili.

Watu wawili! Kwa ukoo wa mume wangu ukipiga filimbi barabarani watatoka wanaume ishirini. Nikampigia shemeji, ambaye ndiye mkubwa wa boma tangu baba mkwe afariki.

"Mulamwa," akaniambia, maana ndivyo shemeji huitana kwa Kiluhya, "wewe kaa na mtoto. Mimi nakuja na watu sita."

Nilikaa. Saa nne ikapita. Saa tano nikachungulia langoni mara tatu, sikuona mtu wa kwetu. Nikamtumia ujumbe: "Amewekwa oksijeni. Hali ni mbaya. Leteni damu haraka."

Ujumbe huo ndio uliochoma kila kitu, na ni mimi niliyeuandika. Pale kwetu watu wana imani ambayo hakuna nesi amewahi kuing'oa: mashine ya hewa hawekewi mgonjwa, huwekewa maiti ambayo hospitali bado haijataka kuitangaza. Wana sababu zao. Wagonjwa wao huwachelewesha nyumbani na mitishamba na maombi hadi mtu anafikishwa hospitali amebaki macho tu. Anawekewa oksijeni, anakufa, na lawama inaenda kwa mashine. Mimi niliijua imani hiyo tangu niolewe. Lakini siku ile kichwa changu kilikuwa wodini, nikasahau nawaandikia watu gani.

Saa sita ilipofika shemeji hakuwa anashika simu. Nikamwacha mume wangu kando ya kitanda, nikaruka kwenye boda, nikamwambia mwenye pikipiki aendeshe kama mtu aliyeiba.

Hema niliiona nikiwa bado barabarani. Turubai la buluu, limefungwa kutoka kwa nyumba yangu hadi kwa nguzo ya ng'ombe. Walikuwa wameangusha mti wa bulugamu kwa ajili ya kuni za matanga, na majani yake mabichi yamelala uani kote. Sufuria kubwa la chai lilikuwa juu ya mafiga. Mama mkwe alikuwa amejifunga leso kiunoni, anatembea huku na huku akimlilia mwanawe, "Wooi, omwana wanje, wooi!" Aliponiona akaniangukia kifuani.

"Umekuja naye? Ama wamemwingiza mochari?"

"Mama, yuko wodini. Anangoja damu."

Akanishika mashavu kwa mikono miwili, kwa huruma ya kweli, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Pole, mwanangu. Lia tu. Mtoto akiwekwanga mashine harudingi."

Nikamsukuma nikapita. Kando ya jiko langu kuna kishamba nilichopanda kunde kwa mikono yangu. Wanaume saba walikuwa wamesimama ndani yake. Kunde zilikuwa zimelala chini zimepondwa, na vigingi vitatu vilikuwa tayari vimepigwa ardhini, na kamba imevutwa katikati. Wengine walikuwa wanabishana kama mtoto wa kike alazwe upande huu wa nyumba au ule. Shemeji alikuwa ameinama na kigingi cha nne, anapiga kwa nyuma ya jembe.

"Futi tatu inatosha," alikuwa anasema. "Ni mtoto. Musichimbe kama ya mtu mzima."

Nikamwuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Shemeji, wale watu sita wako wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. "Si ndio hawa. Mke wetu, tulia. Enda ukae chini na wanawake."

"Mlisema mnakuja kutoa damu."

"Tungetoa. Lakini damu ni ya mtu anaishi. Ya kumwekea maiti ni ya nini?"

"Na mimi sindano naiogopanga kuliko nyoka," mmoja akasema nyuma yangu.

"Ukitolewa damu, panga haiinuki tena," akadakia mwingine. "Na si panga peke yake."

Wakacheka. Juu ya kaburi la mtoto wangu, wanaume saba wakacheka, na mmoja akapiga paja.

Niling'oa kigingi kilichokuwa karibu na mguu wangu. Kilitoka na udongo. Nilikiinua nikakishusha usoni mwa shemeji kwa nguvu zote nilizokuwa nimeziweka tangu asubuhi, nikasikia mbao ikigonga mfupa. Akaanguka makalio kwenye kunde. Damu ikamtiririka hadi kwenye ndevu, nyekundu, nzito, yenye afya.

"Hiyo!" nikampigia kelele. "Hiyo unayomwagia kunde ndiyo nilikuwa nakuomba!"

Hapo ndipo nilishikwa, nikauma kidole, nikaponyoka. Nikalipiga teke sufuria la chai likapinduka, na mzee mmoja akaruka akishika mguu uliochomeka. Nikaokota panga lililoachwa kwenye kuni, wanaume wote sita waliobaki wamesimama wakarudi nyuma mara moja, hata yule wa nyoka. Nilikata kamba za hema, moja, mbili, tatu, turubai likawaangukia waliokuwa wameketi, na viti vya plastiki vikavunjika chini yao. Kuna mtoto wa jirani alianza kulia. Mama mkwe alinifikia akanizaba kofi, halafu la pili, hadi sikio likapiga mluzi. Sikumrudishia. Hicho tu ndicho ninachoweza kujisifu nacho siku ile.

"Umempiga mkubwa wa boma!" alikuwa anapiga mayowe. "Umemwaga damu ya nyumba!"

Mke wa shemeji akatokea jikoni, mikono imejaa unga hadi viwiko. Alikuwa ameanza kusonga obusuma, ugali wa waombolezaji. Alimwangalia mume wake aliyeketi chini, akaniangalia mimi na panga.

"Weka hiyo chini," akasema. "Nijibu kitu kimoja tu. Mtoto anapumua ama hapumui?"

"Anapumua. Nikitoka ameniomba maji."

Akajipangusa unga kwenye sketi. "Basi mimi naenda."

Shemeji akainua kichwa, kitambaa kimeloa damu. "Ukitoka kwa hii boma leo, usirudi."

"Nikirudi nitakupata bado umeshikilia hicho kichwa," mke wake akamjibu. "Kaa hapo."

Akaja yeye, na mjane mmoja ambaye alikuwa ameletwa kupika chai. Tulipanda pikipiki ile ile, iliyokuwa bado inaningoja barabarani, watatu, mimi katikati, hadi mjini. Kwenye korido ya maabara, akingoja kuitwa, mke wa shemeji aliniambia bila kunitazama, "Hawaogopi sindano, hao. Wanaogopa kupimwa. Wangu tangu arudi kutoka kukata miwa Mumias hakubali hata kupimwa presha." Kisha akaitwa, akaingia, akanyoosha mkono kana kwamba anamnyooshea mtu kidole.

Mjane alitoka akiwa na soda na biskuti, anashangaa. "Kumbe wanakupatianga soda! Wale wajinga wangeambiwa hivyo, wangejaza hii nyumba."

Nilicheka. Nilicheka hadi nikashika ukuta, na meno yangu bado yalikuwa na ladha ya kidole cha mtu.

Damu ilianza kuingia saa kumi. Tulisimama mimi na mume wangu tukiangalia tone, tone, tone. Ilichukua muda kabla ya midomo kuanza kurudisha rangi. Mtoto akafungua macho, akanitazama shingoni kwa muda mrefu.

"Mama, nani alikukwaruza?"

"Paka," nikasema.

"Umpige."

Nilimwambia mume wangu kila kitu kwenye baraza la wodi. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Yeye si mtu wa maneno, na mbele ya kaka yake huwa kama mtoto wa shule. Nilikuwa na hasira naye pia, nilikuwa nayo ya kutosha watu wote.

Siku ya tatu, tukiwa bado wodini, liguru, yule mzee wa kijiji chetu, akatuma ujumbe. Boma limechafuka. Mwanamke aliyeolewa amemwaga damu ya mkubwa wa nyumba, kwa hivyo arudi kwao, alete mbuzi wa kutakasa, aombe msamaha mbele ya wazee. Kabla ya mbuzi huyo, mimi na mtoto tusikanyage uani. Hema ilikuwa imefungwa upya, kwa sababu naibu wa chifu alikuwa ametoa ruhusa ya matanga ya wiki nzima kwa kupigiwa simu tu, na waliokwisha kuja hawakutaka kurudi nyumbani bila kula. Walikuwa wanakula matanga ya mtoto aliyekuwa ananyweshwa uji kwa kijiko mbele yangu.

"Tuwape tu hiyo mbuzi," mume wangu akasema. "Yaishe."

"Umbebe wewe mgongoni. Na ukifika, waulize ni nani amekufa."

Akatoka nje. Nikajua ameenda kumpigia kaka yake kumwomba radhi, nikaanza kupanga mawazoni nguo zangu na za mtoto, nitaanzia wapi. Alirudi baada ya nusu saa akiwa na kalamu na karatasi nne za fulskepu.

"Andika malalamiko, tupeleke kwa afisa wa watoto," akasema. "Mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu. Mimi nitaweka sahihi chini."

Afisa wa watoto, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alisoma yote mbele yetu. Akagusa mstari mmoja kwa kalamu.

"Mama, hii ya kigingi toa. Itakugeukia."

"Nikiitoa wataisema wao, na wataongeza kwamba nilimkata na panga."

Akatoa pumzi puani. Akagonga muhuri kwenye nakala zote mbili, akanirudishia moja. Hii hapa, kama nilivyoipeleka.

*

Kwa Afisa wa Watoto,
Kakamega.

MINT: MALALAMIKO DHIDI YA WATU WALIOMFANYIA MTOTO WANGU MATANGA AKIWA HAI NA KUMNYIMA DAMU

Mimi ni mama mzazi wa mtoto wa kike wa miaka minne, mgonjwa wa seli mundu, ambaye hivi sasa amelazwa hospitalini. Siku alipoishiwa damu, mkubwa wa boma letu aliahidi kuleta watu sita wa kutoa. Hakuleta hata mmoja. Badala yake aliwakusanya nyumbani kwangu, wakakata mti, wakafunga hema na kupima kaburi kwenye shamba langu la kunde. Mtoto hakuwa amekufa. Hakuna daktari aliyesema amekufa. Walisema wao.

Damu aliyoongezewa ilitoka kwa baba yake na kwa wanawake wawili waliokuwa jikoni.

Nilimpiga huyo mkubwa wa boma kwa kigingi na nikamjeruhi. Ni kweli. Kama ni kosa, nitajibu mbele ya sheria. Sitajibu kwa mbuzi.

Naomba wanaume hao, saba pamoja naye, waitwe, kila mmoja peke yake, aulizwe alikuwa wapi saa sita. Naomba naibu wa chifu aagizwe asitoe ruhusa ya matanga kwa simu kabla hajaona karatasi ya kifo. Naomba hema iondolewe na shimo, kama limechimbwa, lifukiwe kabla mtoto hajaruhusiwa kutoka, kwa sababu anajua kuuliza. Naomba pia liguru aelezwe kwa maandishi kwamba nyumba ile ni ya baba wa mtoto, na mtoto hajampiga mtu.

Daktari ameniambia atahitaji damu tena. Hajui ni lini. Naomba ofisi yako inisaidie ili siku hiyo nisianze tena kwa kuwabembeleza watu wakubali kwamba yuko hai.

Ni sisi,
Mama mzazi na baba mzazi.